Anayepokea Mapigo

Ndugu msomaji, sisi watu wazima tuna desturi moja isiyopendeza. Tukimkuta mtoto ameinamia mchezo, hatumwulizi anacheza nini wala anashindaje. Twamwuliza kwa nini hasomi, kisha twageuka na kwenda zetu tukiamini kwamba tumekwisha kulea. Nami nilikuwa mmoja wa watu hao mpaka Julai iliyopita, nilipokwenda likizo kwa dada yangu huko Rubwera, katika wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Nilifika wakati wa kuvuna kahawa. Uani kwa dada mikeka ilikuwa imetandazwa hadi karibu na migomba, na juu yake buni nyekundu na nyeusi zikianikwa. Nikampa shemeji mkono na kumpongeza kwa mavuno. Akanishukuru kwa sauti ndogo, akaniuliza habari za safari. Dada alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage, mkono mmoja ameuweka tumboni kama mtu anayelinda kitu. Mwezi Februari alikuwa amefanyiwa upasuaji, na daktari alikuwa amemkataza jembe kwa miezi kadhaa.

Usiku ule, baada ya chakula, shemeji alinishtakia mwanawe. “Shemeji, mpwa wako ameharibika. Yuko kidato cha tatu, lakini kila jioni anachukua simu ya mama yake, anapiganisha mazimwi. Wewe ni mtu wa magazeti, mwambie neno.”

Nilihamisha kigoda changu nikaketi karibu na kijana. Sikumwambia neno. Nilimwomba anionyeshe.

Mchezo wenyewe huitwa Pokémon, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Ulianzia Japani mwezi Februari 1996, na mwanzilishi wake ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu. Viumbe wake wamekwisha kupita 1,000, na kila mmoja ana aina yake: yuko wa moto, yuko wa maji, yuko wa majani. Moto huunguza majani, maji huzima moto, na majani hufyonza maji. Mtoto wa miaka sita aweza kuelewa hayo. Lakini juu ya msingi huo rahisi imejengwa elimu nzito ya ushindani, hata watu wazima husafiri nchi za mbali kila mwaka kuwania ubingwa wa dunia.

Mpwa wangu hana mashine ya mchezo huo, maana bei yake si ya nyumba ile. Hucheza kwa simu, mahali ambapo mtu hupambanisha viumbe bila malipo yoyote ila ya kifurushi cha intaneti. Usiku ule alikuwa akipambana na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua.

“Mjomba,” akaniambia, “wewe tazama huyu mdogo hapa. Wote humdharau.”

Aliyenionyesha ni kiumbe aitwaye Indeedee, wa kike, mwenye pembe mbili na sura ya mtumishi wa nyumba kubwa. Ni wa aina ya akili, yaani viumbe wenye nguvu za fikra. Aina hiyo ina historia yake. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 1996 ilikuwa haishikiki. Mizimu ilikusudiwa iwe kiboko chake, lakini kwa kosa la watengenezaji mapigo ya mizimu hayakuigusa kabisa. Ilipasa mwaka 1999 waongezwe viumbe wa giza na wa chuma ili kuipunguza kasi. Leo wenye nguvu za akili huogopa mambo matatu: wadudu, mizimu na giza. Wachezaji husema ni kwa sababu hayo matatu ndiyo huitia hofu akili ya binadamu. Indeedee, kwa kuwa ana asili ya pili ya kawaida, mizimu haimdhuru. Hubaki na maadui wawili tu, wadudu na giza.

Lakini Indeedee si mpiganaji. Wengi wakimpata mara ya kwanza humtuma apige, akapiga kidogo, akapigwa sana, akaanguka. Nao wakamtupa wakisema hafai. Mpwa wangu alinieleza kwamba kosa si la kiumbe, ni la aliyemtuma kazi isiyo yake.

Sasa, msomaji, nivumilie kidogo niieleze kazi hiyo, kwa maana ndiyo kiini cha habari yangu.

Katika mashindano makubwa kila mchezaji huja na viumbe 6, huwaona 6 wa mwenzake, kisha huchagua 4 wa kuingia vitani. Wawili hutangulia pamoja uwanjani. Kwa hiyo si vita vya mmoja kwa mmoja, ni vita vya jozi kwa jozi. Na jozi yenye watu wawili wa kupiga, wasio na wa kuwakinga, mara nyingi hushindwa na jozi yenye mpigaji mmoja na msaidizi mmoja.

Mpwa wangu alimtanguliza Indeedee pamoja na bibi mmoja mrefu aitwaye Hatterene. Hatterene ana nguvu za kutisha, lakini ni mzito mno. Katika mchezo huu mwenye kasi hupiga kwanza, na bibi huyo karibu kila mara hupiga mwisho, ikiwa bado yu hai. Dawa yake ni mbinu iitwayo Chumba cha Hila. Chumba hicho kikifunguliwa mambo hupinduka: kwa raundi 5 mzito ndiye hutangulia na mwepesi ndiye hungoja. Tatizo ni kwamba kukifungua kwenyewe hufanyika mwisho kabisa wa raundi, wakati kila adui amekwisha kupiga. Tena raundi hiyo ya kufungua ni mojawapo ya zile 5, hivyo za kufaidi ni 4 tu. Bibi akiuawa au akishtuliwa kabla, hakuna chumba.

Hapo ndipo Indeedee huonyesha thamani yake. Akitia tu mguu uwanjani, bila hata kupoteza zamu, huutandaza Uwanda wa Akili, na kwa raundi 5 hakuna pigo la kushtukiza liwezalo kumfikia aliyesimama juu ya ardhi hiyo. Kisha hutumia mbinu iitwayo Nifuate. Maana yake ni kwamba kila pigo lililolengwa kwa mwenzake huacha njia yake na kumjia yeye. Hupigwa yeye, hupigwa tena yeye, na nyuma yake bibi mzito anakifungua chumba bila mkwaruzo. Raundi ifuatayo msaidizi akiwa bado yu hai, humpa mwenzake Mkono wa Msaada, na pigo la mwenzake huongezeka nguvu kwa nusu nzima.

“Na huyu unamtunzaje?” nikamwuliza.

Macho ya kijana yakang'aa, kama ya mtu aliyengoja swali hilo siku nyingi. Akanieleza kwamba katika michezo ya Scarlet na Violet, iliyotoka mwaka 2022, kila kiumbe hupewa alama 510 za mazoezi za kugawanya katika sifa zake, na sifa moja haipokei zaidi ya 252. Mpigaji hupewa nguvu na kasi. Msaidizi, kwanza kabisa, hupewa uhai, kisha hupewa ulinzi. “Anayepokea mapigo ndiye anayepewa uhai mwingi, Mjomba. Ukimnyima, anakufa raundi ya kwanza, na wote mnakufa naye.”

Akaniambia pia yasiyowezekana. Nifuate huvuta pigo lililolengwa mtu mmoja tu. Lile linalotanda juu ya wote wawili, kama tetemeko la ardhi au maporomoko ya mawe, halivutiki, humpata kila mtu mahali alipo. Tena adui akileta uwanda wake, wa kwako hufutika. Viumbe wa giza hawadhuriki na mapigo ya akili. Na mchezaji mwerevu, akikuona umefungua chumba, hujikinga na kubadilisha watu mpaka raundi zako ziishe bure. Kwa hiyo msaidizi si mwujiza. Ni muda mfupi ulionunuliwa kwa mwili wa mtu, nao muda huo usipotumiwa vema huwa umepotea.

Yapo ya kuthibitisha maneno hayo. Mwaka 2014 huko Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na kiumbe ambaye wajuzi walimchukulia kama mapambo, Pachirisu, kindi mdogo wa umeme. Kindi huyo hakuwa na nguvu ya kumwua mtu. Alikuwa na uhai uliotayarishwa kwa makini na mbinu ile ile ya Nifuate, akayavuta mapigo yaliyokusudiwa kwa wenzake wakubwa, na wakubwa hao wakamaliza kazi. Wazee wetu wa bao hawangeshangaa. Katika mashimo 32 na kete 64 za bao la Kiswahili lipo shimo moja liitwalo nyumba, linaloanza na kete 6; na mchezaji aliyekomaa haivunji nyumba yake mapema kwa tamaa ya mtaji mdogo, kwa maana ajua kwamba akiivunja hana tena pa kutegemea.

Nilidhani tulikuwa watatu tu tuliokuwa tukisikiliza: mimi, kijana, na shemeji aliyejifanya anatengeneza redio. Dada alikuwa bado kizingitini na ungo wake. Akasema bila kuinua kichwa:

“Basi huyo ndiye mimi. Na kahawa ndiyo huyo bibi yenu mzito.”

Hakuna aliyecheka. Redio ilikoma kukoroma.

Ilinipasa kungoja mpaka kesho yake, tukiwa njiani kwenda sokoni, ndipo dada alinieleza alichokuwa nacho moyoni. Kahawa ile iliyojaa mikekani haikuwa yao. Ilikuwa imekwisha kuuzwa mwezi Machi, ingali mbichi mitini, kwa mtindo ule unaojulikana Kagera yote kwa jina la butura.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajapata kulisikia neno hilo, butura ni kuuza kahawa kabla haijaiva, wakati mwingine ingali ua tu. Mnunuzi huja na fedha taslimu siku ambayo mkulima ana shida, humpa kiasi kidogo, na mavuno yakifika huyachukua yeye. Serikali imeupiga marufuku mtindo huo na viongozi wameukemea mara nyingi, lakini haujafa. Kwa kuwa haulishwi na ujinga wa mkulima, kama wengi wasemavyo, bali hulishwa na shida ya siku moja inayofika kabla ya msimu. Kahawa ni mali nzito, iendayo polepole. Hutoa ua, hufunga punje, hungoja miezi mingi. Ada haingoji. Dawa haingoji. Mgonjwa haambiwi angoje kahawa iive.

Kwa miaka kumi na minne nyumba ile haikuuza butura hata mara moja, na majirani walimsifu shemeji kuwa ni mwanamume mwenye msimamo. Msimamo anao, sikatai. Lakini kilichozuia butura ni shamba la maharage la dada, pamoja na ndizi alizokuwa akizipeleka sokoni siku za gulio. Chumvi ilitoka humo. Mafuta, sabuni, sare za shule, michango, nauli ya kwenda kliniki, vyote vilitoka humo. Kila shida ndogo iliyoelekea kwenye kahawa iliacha njia yake ikamwendea yeye, akaipokea, na nyuma yake kahawa ikaiva kwa amani. Fedha za kahawa zilipoingia, nyumba ilijengwa bati, na watu wakasema bati lile ni la kahawa.

Mwezi Februari dada akalala hospitalini. Maharage ya masika hayakupandwa, kwa kuwa mpandaji wake alikuwa na mshono tumboni. Ndani ya wiki tatu shida zote ambazo kwa miaka kumi na minne zilikuwa zikimfuata yeye zilikosa mtu wa kumfuata, zikaenda moja kwa moja kwenye kahawa. Shemeji aliiuza kwa fedha ambazo hazikufika nusu ya ile iliyopatikana msimu uliotangulia. Aliiuza ili alipie matibabu ya mkewe, naye mkewe hamlaumu kwa hilo. Kilichomwuma ni jambo jingine.

“Hakuniambia,” dada alisema. “Nilitoka hospitali nikaanika kahawa ya mtu wiki nzima nikidhani ni yetu. Angeniambia, ningemwambia auze ile mbuzi kwanza.”

Ndugu msomaji, nimeyafikiri mambo haya tangu nirudi kazini, na sioni kwamba ni ya Rubwera peke yake. Nyumba zetu za mjini zimejaa akina Indeedee. Yuko mama wa maandazi ambaye mtaji wake wa kila siku ndio hulipa maji na umeme, ili mshahara wa baba ufike mwisho wa mwezi ukiwa na sura ya mshahara. Yuko dada mkubwa aliyeacha masomo ili wadogo zake wasome. Yuko bibi anayelea wajukuu ili wazazi wao waende kiwandani. Hao wote, mtu akiulizwa, husema kwamba hawafanyi kazi, “wako nyumbani tu.” Hakika hawapigi. Wanapokea mapigo ili mwingine apige, kisha sifa hupewa aliyepiga.

Jambo lililonichoma zaidi ni lile la alama. Kijana wa kidato cha tatu anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba anayepokea mapigo ndiye wa kupewa uhai mwingi kuliko wote. Sisi tuliosoma tunafanya kinyume chake. Katika nyumba nyingi anayepokea mapigo ndiye anayekula mwisho, anayelala mwisho, anayekwenda hospitali mwisho baada ya kumaliza kuwapeleka wengine, na ndiye ambaye fedha zake hukopwa bila kuandikwa. Dada yangu aliumwa tumbo kwa mwaka mzima kabla ya upasuaji ule. Kila mwezi aliahirisha, maana kila mwezi palikuwa na shida moja iliyotangulia. Mchezaji gani angefanya hivyo na kiumbe wake akatumaini kushinda?

Sisemi kwamba msaidizi aweza kuzuia kila kitu. Ukame hauvutwi na mtu mmoja, wala bei ya kahawa ikianguka haimwangukii mmoja. Hayo ni mapigo yatandayo juu ya wote, na dawa yake ni ushirika, ni akiba, ni mazao zaidi ya moja. Lakini mapigo mengi yanayovunja nyumba zetu si makubwa kiasi hicho. Ni madogo madogo, ya elfu kumi na elfu ishirini, na yupo mtu anayeyapokea kila siku tukiwa hatumtazami.

Basi ushauri wangu kwa leo ni mfupi. Baba na mama waketi pamoja na daftari, waandike kila shida ya mwezi uliopita na mbele yake jina la aliyeilipia. Wasibishane kwanza, waandike tu. Mwenye jina linalorudi rudi apewe matibabu mapema, apewe fungu la akiba lisiloguswa, na lisiuzwe jambo kubwa la nyumba bila kauli yake. Na ashukuriwe kwa sauti, mbele ya watoto. Watengenezaji wa mchezo ule waliandika kwamba Indeedee huzihisi hisia za walio karibu naye, na zile njema ndizo chanzo cha nguvu zake. Nadhani hawakuwa wakifikiria viumbe wa kubuni peke yao.

Kuhusu mpwa wangu, nilimpa neno kama nilivyoombwa. Nilimwambia simu ya mama si ya usiku kucha, na kwamba Septemba mvua zikianza, jembe la maharage ni lake na la baba yake. Alikubali. Shemeji naye alikubali, akitazama chini. Kama watatimiza, sijui, nitaona Desemba.

Asubuhi ya kuondoka kwangu lilikuja gari la mnunuzi. Vijana wakapakia magunia, na shemeji akasimama kando mikono nyuma. Dada alijikongoja mpaka mlangoni, akawa anayahesabu moja moja kwa kidole hadi la mwisho. Nikamwuliza anayahesabu ya nini, maadamu si yao.

“Nataka kujua idadi yake,” akajibu, “ili mwakani nijue ni mangapi ya kuyalinda.”